Ni Ziwa au ni Bwawa?

Swali hili si langu. Ni la mzee mmoja wa Fizi, Kongo, ambaye tulikwenda naye matembezi ya kanisa mwezi wa saba, sisi watu kama thelathini wa Fargo, kwenye hifadhi ya jimbo inayoitwa Lake Sakakawea, katikati ya North Dakota. Nimekaa na swali lake miezi kadhaa. Nimelisomea vitabu. Leo naliandika, maana naona kama halitaniacha nikilinyamazia.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka Fargo unakamata barabara kuu ya magharibi, saa tatu hivi mpaka Bismarck, halafu unapinda kaskazini. Njia nzima ni nyasi, ngano, soya, alizeti, na mbingu. Mtu aliyezoea milima ya Uluguru kama mimi, zile nyanda humchosha macho kwa sababu hakuna pa kuyaegemeza. Watoto walikuwa wamelala. Akina mama walikuwa wanabishana kuhusu pilau, kama ipashwe moto au iliwe hivyo hivyo. Mara barabara ikapanda juu ya tuta kubwa la udongo, na upande wetu wa kulia ikawa bahari.

Nasema bahari kwa makusudi. Maji yalikuwa ya buluu, yana mawimbi yenye povu, na ng'ambo ilionekana kama mstari mwembamba wa penseli. Gari zima likaamka. Mzee, aliyekuwa amekaa mbele karibu na dereva, akakaza macho. Huyu ni mtu wa Tanganyika: amevua dagaa tangu utoto, amevuka lile ziwa usiku akikimbia vita, ameishi miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kuletwa huku kwenye theluji. Maji anayajua. Akayatazama kwa muda, akageuka, akaniuliza:

“Mwanangu, hii ni ziwa ya Mungu ao ni ya batu?”

Nikamwambia ni ya watu, Mzee. Hili tuta tunalopita ndilo lililoyazuia. Huu ni mto, Missouri, umefungwa.

Akanyamaza. Tulikuwa tumeshafika ng'ambo ya tuta, kwenye kimji cha Pick City, tunatafuta lango la hifadhi, ndipo akauliza la pili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia msiba:

“Na benyewe baliendaka wapi?”

Yaani, wenye mahali hapa walikwenda wapi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda pale mara mbili kabla yake, nimeogelea, nimechoma nyama, nimepiga picha za machweo na kuziweka mtandaoni, na sikuwahi kujiuliza. Aliyeuliza ni mkimbizi.

*

Kiswahili chetu kina maneno ambayo Kiingereza cha pale hifadhini kinayakwepa. Sisi tuna ziwa, tuna bwawa, tuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Mtera ni bwawa. Nyumba ya Mungu, pamoja na jina lake zuri, ni bwawa. Hakuna mtu Tanzania atakayekwambia anakwenda “Ziwa Mtera” bila watu kumwangalia. Neno bwawa linabeba ndani yake ile habari ya kwamba kuna mkono ulioweka kizuizi, na kama kuna mkono, basi unaweza kuuliza ni wa nani.

Lakini pale kibao kinasema ziwa. Ramani inasema ziwa. Watu wanaokuja na boti zao na mahema yao wanasema wanakwenda ziwani, na sioni kosa lao, maana wengi wao wamezaliwa wakalikuta. Kwa mtoto aliyezaliwa baada ya 1953, lile ni ziwa tu, kama Victoria ilivyo ziwa kwa mtoto wa Mwanza.

Basi tuanze hapo, 1953, kisha turudi nyuma.

Mto Missouri ulikuwa na tabia ya kufurika. Mwaka 1943 mafuriko yake yaliingia mpaka mji wa Omaha, kusini huko Nebraska. Kanali mmoja wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, jina lake Lewis Pick, akaandika mpango wa kuufunga mto kwa mabwawa makubwa. Mtu mwingine wa serikali, Glenn Sloan, alikuwa na mpango wake wa umwagiliaji. Mwaka 1944 Bunge la Marekani likaichukua mipango yote miwili, likaifunga kamba moja, likaipitisha. Ndiyo maana historia inauita mpango wa Pick-Sloan, na ndiyo maana kile kimji karibu na lango la hifadhi kinaitwa Pick City. Ukienda kununua barafu na chambo, unanunua kwenye mji wenye jina la kanali.

Moja ya mabwawa makubwa kwenye mpango huo likawa la Garrison, hili tulilolivuka. Ujenzi ulianza 1947. Tuta lake lina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na kimo cha mita 64. Mto ulizibwa Aprili 1953, na mwezi wa sita mwaka huo Rais Eisenhower mwenyewe akaja kulizindua. Maji yaliyojikusanya nyuma yake yana urefu wa kama kilomita 286. Kwa vipimo vyetu, ni kama kutoka Dar es Salaam mpaka kupita Morogoro na kuendelea njia ya Dodoma karibu kilomita mia nyingine, yote maji.

Sasa, kilomita 286 za bonde la mto hazikuwa tupu.

*

Bonde lile lilikuwa la mataifa matatu: Mandan, Hidatsa na Arikara. Ukisikia Wahindi Wekundu, kama tulivyofundishwa vibaya shuleni, kichwani inakuja picha ya mtu juu ya farasi, manyoya kichwani, anafukuza nyati. Hawa walikuwa wakulima. Kabla Mzungu hajafika walikuwa na vijiji vikubwa vya nyumba za udongo za mviringo kando ya Missouri, na mashamba ya mahindi, maharage, maboga na alizeti. Vijiji vyao vilikuwa masoko. Watu wa mbali walikuja kubadilisha ngozi na nyama kwa mahindi. Ndui ya 1837 iliwafyeka vibaya sana, hasa Wamandan, waliobaki wachache mno. Waliopona wakasogea pamoja, wakajenga kijiji kimoja kwenye kona ya mto, kikaitwa Like-a-Fishhook, kwa kuwa mto pale ulijikunja kama ndoana. Baadaye serikali ikawatengea ardhi ya Fort Berthold, ikaendelea kuipunguza kidogo kidogo, lakini bonde lilibaki. Na bonde ndilo lililokuwa mali.

Najua hayo ya kilimo kwa sababu ya kitabu kimoja, ambacho nawasihi mkisome. Mwaka 1917 mtafiti Gilbert Wilson alichapisha masimulizi ya mama mmoja wa Kihidatsa, ambaye Wazungu walimwita Buffalo Bird Woman. Siku hizi kinauzwa kwa jina la Buffalo Bird Woman's Garden. Yule mama alizaliwa karibu 1839, na kwa miaka kadhaa alikaa na Wilson, mwanawe akitafsiri, akamweleza namna ya kulima. Ndicho kitabu chote. Hakuna vita, hakuna mapenzi. Ni jinsi ya kuandaa shamba, kutengeneza jembe kwa mfupa wa bega la nyati, kupanda mahindi kwenye vichuguu, kukata maboga vipande na kuyaanika, kuchimba ghala la chini ya ardhi lenye umbo la mtungi na kulifunika hata mgeni asijue lilipo. Anasema mambo haya kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba anayemsikiliza hajui kitu.

Nilipofika mahali anapoeleza jukwaa la kulindia shamba, nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Wasichana walijengewa jukwaa la miti kandokando ya mahindi, wakakaa juu yake kutwa nzima kufukuza kunguru na wezi, na wakiwa pale waliyaimbia mahindi, kama mama anavyombembeleza mtoto. Jamani, hilo ni dungu! Bibi yangu wa Ifakara alikuwa na dungu lake kwenye shamba la mpunga, nami nimelala humo nikiwa na miaka saba, nina kombeo na bati la kugonga. Na sisi tuliimba. Mpaka leo sijui tulikuwa tunawaimbia ndege waondoke au mpunga ukue.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kulitazama lile bonde kama bonde la watu wengine.

Alikokaa mama yule uzeeni, ambako Wilson alimkuta, paliitwa Independence. Independence iko chini ya maji. Like-a-Fishhook iko chini ya maji pia. Na Elbowoods, uliokuwa mji mkuu wa mataifa yale matatu, wenye ofisi, shule na hospitali, uko chini ya maji.

*

Walikataa. Hili ni lazima lisemwe, kwa sababu habari za watu waliohamishwa husimuliwa kana kwamba walikaa wakasubiri maji yawafuate. Baraza lao lilipinga tangu mwanzo. Walituma wajumbe Washington. Walijitolea hata kuipa serikali eneo lingine la kujengea bwawa, juu zaidi kwenye mto, ndani ya ardhi yao wenyewe, bure. Wahandisi wakasema hapana, halitoshi. Lakini mji wa Williston, wa Wazungu, ulioko kule juu mwisho wa maji, ulijengewa kingo usizame. Uhandisi uliweza kukinga mji mmoja. Elbowoods haukukingwa.

Na ujenzi ulikuwa umeshaanza kabla mkataba haujatiwa saini. Tingatinga zilitangulia kalamu kwa mwaka mmoja.

Kuna picha ya siku ya saini, 20 Mei 1948. Ukiitafuta utaipata mara moja. Julius Krug, Waziri wa Mambo ya Ndani (ambaye kule anashughulika na ardhi na mataifa ya wenyeji, si polisi kama kwetu) ameinama mezani anaandika. Nyuma yake wamesimama wanaume wenye suti, nyuso ngumu. Mmoja, George Gillette, mwenyekiti wa baraza la mataifa yale matatu, amevaa suti ya mistari, amefunika uso kwa mkono. Analia. Siku hiyo alisema kwamba wanatia saini kwa moyo mzito, na kwamba kwa mikwaruzo michache ya kalamu wanauza sehemu bora ya nchi yao.

Nimeona picha nyingi za mikataba katika historia yetu ya Afrika: machifu wameketi, Mjerumani au Mwingereza amesimama. Katika zote sijaona mtu aliyefunika uso. Pengine wengi wa machifu wetu hawakujua wanachotia saini. Gillette alijua kila neno.

Zilizochukuliwa ni zaidi ya ekari 152,000. Kwa hesabu inayotajwa kwa kawaida, hizo zilikuwa asilimia 94 ya ardhi yao ya kilimo. Familia 325 zilihamishwa, yaani karibu watu wanane katika kila kumi. Fidia ilifika dola milioni 12.6. Wakapandishwa juu, kwenye zile nyanda tulizopita na gari letu la pilau: hakuna miti ya kujikinga na upepo, visima ni virefu, udongo ni wa shida. Chini bondeni walikuwa na kuni, makaa ya mawe, matunda ya porini, wanyama wa kuwinda, bustani. Juu wakawa watu wa kununua. Makaburi yalichimbuliwa, mifupa ikahamishwa. Na maji yakaikata nchi yao vipande vitano, hata jirani aliyekuwa ng'ambo ya daraja akawa mtu wa safari ya siku nzima.

Hospitali ya Elbowoods ilizama na ahadi ya kujengewa nyingine. Kituo kipya cha afya, chenye jina la mji uliozama, kilifunguliwa New Town mwaka 2011. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Mwaka 1992 Bunge lilikubali kwamba fidia ya kwanza haikuwa ya haki, likaidhinisha mfuko wa dola milioni 149.2. Kwa lugha nyingine, serikali ilikiri. Ila bonde halirudi kwa hundi.

*

Nisije nikaonekana nasema bwawa lile ni uovu mtupu. Sisi wenyewe Tanzania tumejenga bwawa kubwa Rufiji, nami nilishangilia umeme ulipowaka. Garrison lina mitambo 5 inayozalisha umeme, na miji ya kusini imekingwa na mafuriko mengi. Hata hivyo mto haukukubali kabisa: mwaka 2011 maji yalijaa mpaka milango ya kumwagia ikafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu bwawa lijengwe, na kando ya mto huko Bismarck nyumba ziliingiliwa. Wakulima wa North Dakota nao waliahidiwa umwagiliaji mkubwa, na sehemu kubwa ya ahadi ile haikutimia. Kwa hiyo waliotoa si wenyeji peke yao. Ila hakuna waliotoa moyo wa nchi yao isipokuwa wao.

Halafu kuna hili la jina. Bwawa hili lilipewa jina la Sakakawea, yule mama kijana aliyekuwa akiishi kwa Wahidatsa wakati Lewis na Clark walipopiga kambi huko majira ya baridi ya 1804 na 1805, akafuatana nao mpaka Pasifiki akiwa na mtoto mgongoni. Jina lake kwa Kihidatsa ni ndege na mwanamke. Marekani inampenda, imemweka hata kwenye sarafu. Kijiji alichoishi kiko chini kidogo ya tuta, upande wa kukavu, na unaweza kukitembelea. Lakini mashamba ya watu waliomlea, na walioendelea kulima kwa majembe yale yale, yamelala chini ya jina lake. Umewaheshimu kwa kuwafunika. Sijui kama waliochagua jina waliliona hilo. Nadhani walidhani wanafanya wema.

*

Turudi kwenye matembezi. Tulikaa kutwa nzima. Ni mahali pazuri, siwezi kusema uongo: kuna gati la boti, kuna nyasi zilizofyekwa, kuna meza za mbao chini ya miti, na ndipo ilipo ncha ya magharibi ya njia ndefu ya miguu inayotokea majimbo ya mashariki. Watoto waliogelea mpaka midomo ikawa ya zambarau. Pilau ililiwa baridi. Vijana walikodi boti, wakarudi na samaki wawili wa walleye, na akina mama wakawagombania kichwa.

Mzee hakuogelea. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia kichwani, anayatazama maji. Wakati huo sikujua hata robo ya haya niliyoandika. Nilimwambia tu kwamba nimetafuta haraka kwenye simu, na kwamba walikuwepo watu, walihamishwa, bado wapo, nchi yao iko mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, mji wao unaitwa New Town.

“Mji mupya,” akasema. Akalicheka hilo jina, kicheko kifupi cha puani. Nyarugusu nako kulikuwa na majina ya namna hiyo.

Nikamuuliza kama anayachukia haya maji. Akatikisa kichwa.

“Mayi haiko na kosa. Iliambiwa ije, ikakuja.”

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa siku ile. Kabla hatujaondoka, aliinuka, akashuka mpaka ukingoni, akavua viatu, akasimama ndani ya maji mpaka kwenye vifundo, akasema maneno kwa Kibembe. Hakusema kwa sauti. Mjukuu wake akamwita, babu, tunaachwa! Akarudi, akavaa viatu bila kujifuta.

Ndani ya gari nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akasema kwao mtu akifika kwenye nchi ya watu, anabisha hodi. Akiwakuta hawapo, anabisha vilevile.

Miaka ya ukame, ile ya mwanzoni mwa karne hii, maji yalishuka sana, na misingi ya mji wa zamani wa Sanish, nao uliozamishwa na bwawa, ikatokeza. Watu walikuja kutembea juu yake. Halafu mvua zikanyesha, theluji ya milimani ikayeyuka, maji yakarudi mahali pake. Majira ya kiangazi yajayo kanisa limeshapanga kwenda tena. Nimeomba tuongeze siku moja, tuendelee mpaka New Town. Mama wa kamati ameniuliza huko kuna nini cha kuona. Nimemwambia kuna wenyewe.